Yule mama wa dagaa mlimkatisha: barua ya wazi kwa wanachama wa kikundi chetu cha mshikamano na Palestina, Mwanza

Wanangu na wajukuu zangu, mwangaluka.

Jumamosi ile nilirudi Igoma jioni nikashindwa kula. Mkutano mkuu wa mwaka ulifunguliwa saa nne asubuhi ukafungwa saa kumi na moja. Saa mbili na robo zilikwenda kwenye fulana: rangi yake, bei yake, sura ya Mwalimu Nyerere ikae mbele au mgongoni, skafu ziagizwe Dar au zishonwe hapa hapa Makoroboi. Dakika 40 zikaliwa na posho ya nauli. Mpango wa kampeni, ambao ndio uliotuita pale, mliuweka kwenye Mengineyo, ukapata dakika 15 watu wakiwa wameshaanza kunusa pilau.

Ndani ya hizo dakika 15 alisimama mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wengi wenu hamkugeuka hata kumtazama. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, na vidole vyake bado vinang'aa magamba, maana alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Akasema: "Nasikia wavuvi wa Gaza wanapigwa risasi wakiwa kwenye maji yao. Sisi pale Mwaloni tunajua mtu kunyimwa maji ni nini. Mbona hamji kutueleza na sisi?" Alikuwa anaendelea. Mwenyekiti akamwambia, "Dada, muda umekwisha, tunakwenda kwenye picha ya pamoja." Akakaa. Nikamtazama katibu. Kalamu yake ilikuwa juu ya meza, imefunikwa.

Ndiyo maana naandika.

Yule mama aliwapa kampeni nzima bure, nanyi mkaiacha ikamwagika. Chini ya mikataba ya Oslo, ile ya Israel na Wapalestina ya miaka ya 1990, mvuvi wa Gaza aliruhusiwa kwenda hadi maili 20 za baharini. Kwa miaka mingi Israel imembana mpaka 12, mpaka 6, kuna nyakati mpaka 3. Maili 3 za baharini ni kilomita tano na nusu, haifiki hata mara mbili ya urefu wa Daraja la Kigongo–Busisi. Mwambieni mvuvi wa Kayenze au wa Ukerewe kwamba nyavu zake ziishie hapo, na samaki wako ng'ambo ya mstari, na akiuvuka anafyatuliwa risasi au mtumbwi wake unachukuliwa. Atawaelewa kabla hamjafika nukta. Yeye ameona nyavu zikichomwa moto ufukweni. Sisemi mambo haya ni sawa: huku ni sheria ya kulinda samaki, hata inapotekelezwa kwa ukali, kule ni mzingiro uliofunga watu zaidi ya milioni 2 tangu 2007. Na tangu vita ya Oktoba 2023 ianze, hata hizo maili chache zimekuwa za kuhatarisha roho, bandari imepigwa, mitumbwi imevunjwa. Lakini mwenye uchungu wa maji ataupokea uchungu wa maji. Hamhitaji projekta wala ukumbi wa kukodi. Mnahitaji kwenda Mwaloni alfajiri, mkae juu ya magunia, mzungumze.

Sasa nije kwenye lile daftari la muhtasari la katibu, na mnivumilie, kwa sababu hili linaniuma kuliko yote.

Miaka ya 1980 nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba huko Magu. Mwaka 1986 paa la ghala lilitoboka. Wanachama wakakaa chini ya mwembe, wakakubaliana kwa kauli moja. Nami kwa mkono wangu nikaandika: "Wajumbe walikubaliana paa litengenezwe mapema." Hati safi, wino wa bluu. Nani atengeneze? Sikuandika. Lini? Sikuandika. Mwenyekiti akadhani ni kazi ya mtunza ghala, mtunza ghala akadhani fundi ameshaitwa, mimi nikadhani kuandika kwangu kumetosha. Mvua za Novemba zikaingia. Tulipofungua mlango, pamba ya chini ilikuwa imegeuka kijivu, imeshikamana, na mvuke unatoka ndani ya magunia. Mzee mmoja ambaye alikuwa hajalipwa bado, ana stakabadhi tu mfukoni, aliingiza mkono ndani ya gunia lake mpaka kiwiko. Akautoa. Akaunusa. Akaondoka bila kuniambia neno. Mkono ule nauona mpaka leo.

Muhtasari wenu wa mwaka jana nimeusoma mara mbili. "Ilikubalika elimu itolewe shuleni." "Ilikubalika tushirikiane na makanisa na misikiti." "Ilikubalika tarehe 29 Novemba iadhimishwe." Nimehesabu "ilikubalika" tisa. Jina la mtu sikuona hata moja. Ndiyo sababu ajenda ya Yatokanayo, ya kuulizana yaliyokubaliwa kikao kilichopita yamefikia wapi, ilichukua dakika moja Jumamosi: hakukuwa na wa kuulizwa! Tarehe 29 Novemba ni siku ya mshikamano na watu wa Palestina, Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1977, na imechaguliwa kwa kuwa siku hiyo mwaka 1947 ndipo Baraza Kuu lilipopiga kura kuigawa nchi yao. Dunia nzima inaijua. Kwetu walifika vijana wawili na bendera moja, wakasubiri mpaka adhuhuri, wakarudi nyumbani. Vijana hao nawaomba radhi kwa niaba ya sisi wengine wote.

Chorea kila ukurasa safu tatu: jambo, jina, tarehe. Jina liwe la mtu aliyemo ukumbini na aliyejibu "nimekubali" kwa sauti. Kamati haina miguu, msiandike "kamati".

Halafu ile orodha ya bidhaa za kususia. Kijana wetu alisoma bidhaa 43 kutoka kwenye simu. Nikamuuliza ya kumi na saba inahusikaje, akasema ameitumiwa. Mwanangu, mama mwenye duka Buzuruga ukimwambia aache kuuza kitu halafu ukashindwa kumweleza kwa nini, hatakusikiliza tena, na ana haki. Wito wa kususia walioutoa Wapalestina wenyewe tarehe 9 Julai 2005, jumuiya zao zaidi ya 170 kwa pamoja, haukusema tususie kwa kubahatisha. Julai 1984 huko Dublin, mfanyakazi wa duka aliyeitwa Mary Manning alikataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini, kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa makaburu. Mabalungi tu. Akasimamishwa kazi, wenzake wachache wakatoka naye, wakagoma karibu miaka mitatu, mpaka serikali ya Ireland ikapiga marufuku mazao ya makaburu mwaka 1987. Chagueni balungi lenu. Moja, lenye ushahidi, ambalo kila mwanachama anaweza kulieleza akiwa amesimama kituo cha daladala.

Kuna kauli moja ilinitia aibu. Kijana alisimama akawalaani Mayahudi, na mkapiga makofi. Sitaki kuyasikia tena makofi yale. Ruth First, aliyeuawa kwa bomu la barua mjini Maputo mwaka 1982 kwa kupinga makaburu, alikuwa binti wa Kiyahudi. Leo hii wapo Mayahudi wanaokamatwa na polisi katika miji yao kwa kudai haki ya Wapalestina. Anayewakandamiza Wapalestina ni dola ya Israel na jeshi lake, na walowezi wanaolindwa nalo. Wala hii si vita ya dini. Wapo Wapalestina Wakristo tangu Bethlehemu mpaka Gaza, na Papa Francis alikuwa akiipigia simu parokia ya Familia Takatifu ya Gaza karibu kila jioni mpaka alipokaribia kufa. Paroko wa hapa kwetu akiyasikia haya atawafungulia mlango. Akiwasikia mnalaani watu kwa damu yao, ataufunga, nami nitakuwa upande wake.

Tena kuna vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kusomea kilimo, wakauawa katika shambulio lililoongozwa na Hamas tarehe 7 Oktoba 2023. Wana mama zao. Tunapowaombea watoto wa Gaza, na hao watajwe. Msione haya.

Kuhusu posho siwalaumu ninyi peke yenu. Nchi nzima tumezoeshwa kwamba mtu akikaa kwenye kiti lazima alipwe kwa kukaa. Semina posho, warsha posho, siku hizi hata kikao cha mtaa cha kusafisha mtaro watu wanauliza kuna nini. Mwaka 1973 Tanzania ilipovunja uhusiano na Israel, na mwaka 1988 ilipoitambua Palestina, hatukuwa matajiri. Sukari tulikuwa tunaipangia foleni. Shuleni tuliwahi kuchanga senti kwa ajili ya ndugu zetu wa Msumbiji na hakuna aliyeuliza nauli. Mnamvaa Mwalimu kifuani, basi hilo nalo mlivae.

Mengine nayataja tu. Mapato na matumizi yasomwe kabla ya chakula. Barua ya taarifa polisi ipelekwe mapema. Akidi ihesabiwe kwa vichwa, si kwa majina ya kwenye kundi la simu. Wanawake wasipewe kupika tu. Picha ya pamoja ipigwe mwisho, watu wakishamaliza kusema.

Nawapenda. Nisingewapenda ningenyamaza, maana miguu inaniuma na kutoka Igoma kuja mjini ni daladala mbili.

Jumanne nilikwenda Mwaloni kumtafuta yule mama. Nilimkuta anaanua dagaa haraka haraka, wingu lilikuwa limeshafunga upande wa ziwa. Nikamsaidia kukunja turubai. Nikamwambia mnaitisha kikao kingine, na kwamba nitafika saa nne kamili na kaunta buku jipya, safu tatu nimeshazichora kwa rula. Akasema atakuja kama atakuwa wa kwanza kuzungumza. Nimemwahidi.

Babu yenu,
Igoma, Mwanza