Mhariri, waacheni buibui wangu

Mhariri,

Makala ya safu yenu ya bustani ya Jumapili iliyopita, ile ya kuvutia ndege nyumbani, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, maana ni nadra gazeti kuwakumbuka ndege wasiokuwa kuku. Mara ya pili nilikwama aya ya tatu, pale mwandishi anapotuagiza tufagie utando wote wa buibui, tuchome majani makavu, tupulizie dawa ya wadudu, kisha tutundike kibakuli cha mbegu na chupa ya maji ya sukari, ndege watakuja wenyewe. Hapo niliweka mkasi chini nikatafuta kalamu.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi dirishani, na dirisha langu linatazama bustani ya hatua 12 kwa 9. Miaka 19 nimekaa hapo. Ninachokijua kuhusu ndege nimekiokota kati ya pindo moja na jingine, kwa hiyo sijidai mtaalamu. Lakini aya ile ya tatu naijua ubaya wake kwa macho yangu.

Nianze na chozi, yule mdogo anayefyonza maua. Kwa muda mrefu niliamini wanakuja ndege wa aina mbili. Mmoja alimeremeta kijani na zambarau kama ile hariri ambayo ukiikunjua ni rangi moja na ukiikunja ni nyingine. Mwenzake alikuwa hana makuu: mgongo wa kijivu, tumbo la manjano iliyopauka. Wa kwanza nilimjua kwa jina, wa pili nilimwita "yule mwingine". Siku nilipoacha kutazama mavazi nikatazama midomo, nilicheka peke yangu. Midomo ilikuwa ileile, mirefu, myembamba, imepinda kama shazia iliyochoka kushona magunia. Walikuwa mume na mke.

Tena ule mng'ao wa dume si rangi ya kuchovya. Ni jinsi unyoya ulivyoumbwa na mwanga unavyougonga, ndiyo maana akiingia kivulini huonekana mweusi tu. Mtu anayeanza kuwatambua ndege kwa rangi atahesabu ndege mmoja mara tatu. Dume la kwera nalo, yule fundi wa viota vinavyoning'inia, msimu wa kuzaana ukipita huvua ile manjano yake kali na kubaki amefanana na jike. Anza na mdomo: mrefu wa kufyonzea, mfupi mnene wa kuvunjia mbegu, au mkubwa wenye ncha kali kama wa mdiria. Kisha linganisha ukubwa na ndege unayemjua tayari. Kisha tazama anavyotenda kazi. Shore atakaa juu kabisa ya kichaka, kichwa cheusi chenye kishungi, akipiga kelele kama mwenye nyumba. Kuzumburu hupanda matawini kama panya, mkia mrefu ukimfuata nyuma, na wakishaliona papai lililoiva usilihesabu tena kuwa lako. Dudumizi huenda usimwone mwezi mzima, lakini mlio wake unashuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, na ukishausikia mara moja hutauchanganya na mwingine. Ipo pia programu ya simu iitwayo Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo husikiliza mlio na kukupendekezea jina, bila malipo. Naitumia. Ila cherehani ikiwa inakwenda, simu husikia mambo yake yenyewe.

Sasa buibui. Mwaka mmoja jike la chozi lilianza kuja kwenye pembe ya dirisha langu, dhiraa moja tu kutoka nilipokaa. Nilidhani anafuata inzi. Kumbe alikuwa anavuta utando. Huuzungusha mdomoni mpaka ukawa kama pamba iliyosokotwa, kisha anaruka hadi tawi kavu lililo mbele ya dirisha na kuufungia hapo, halafu jani kavu, halafu utando tena. Baada ya siku nyingi pakaning'inia kifuko kirefu, mlango ubavuni, na juu ya mlango kimetokeza kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Nimeshona mifuko maisha yangu yote na sijapata kushona mmoja unaokaa vile. Jani kavu ambalo mwandishi wenu anataka tulichome ndilo kitambaa, na utando anaotaka tuufagie ndio uzi.

Vifaranga walipoanguliwa niliona jambo la pili. Chozi tunamhesabu kuwa mla asali ya maua, lakini watoto huwalisha wadudu na buibui laini, kwa sababu maji matamu hayajengi mwili wa kifaranga. Nikiwa natia kola ya shati moja tu, mama yule alirudi mara saba, na kila mara mdomoni mna kitu chenye miguu. Kwera naye, na mdomo wake wote ule wa kuvunjia mbegu, hulisha watoto wake wadudu. Basi pulizia hiyo dawa, kisha niambie mama huyo atakwenda kuwinda wapi.

Nisionekane najifanya sijakosea. Nilipoona kwera wanachana majani kutafuta nyuzi za kusukia, nikajisemea, nyuzi si ndiyo kazi yangu? Nikajaza kikapu mabaki ya nyuzi za nailoni nikakitundika uani. Walizichukua, tena kwa pupa, na viota vikawa na michirizi myekundu na ya buluu. Niliona fahari kweli. Wiki ya tatu nikasikia kelele, nikatoka, nikamkuta dume ananing'inia kichwa chini, mguu umefungwa na uzi mwekundu, uzi wangu, na kila akipapatika unakaza. Nilipanda kigoda, nikamfunika kwa kipande cha pamba, nikachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Alikuwa mwepesi kama hana kitu ndani, jicho jekundu limenitumbulia. Mizunguko ilikuwa minne na mmoja ulishaingia kwenye ngozi. Nilipokata wa mwisho akanifinya kidole kwa ule mdomo, akaruka. Alistahili kunifinya. Nailoni haikatiki na haiozi. Utando wa buibui hunyumbuka, na siku ikifika hukatika. Tangu siku hiyo mabaki yote ya nyuzi yanaingia kwenye kopo lenye kifuniko.

(Wako ndege mafundi kuliko mimi. Asia yupo anayetoboa kingo za jani kwa mdomo na kuzishona pamoja kwa utando au nyuzi za mimea ili aweke kiota ndani, na Afrika pia wako wadogo wanaoshona majani namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuhitaji nailoni.)

Kuhusu chupa ya maji ya sukari, nashuku ushauri huo umesafirishwa. Chupa nyingi za aina hiyo zilibuniwa kwa wale ndege wa bara la Amerika wanaofyonza huku wamesimama hewani, na kwao hupimwa sehemu moja ya sukari kwa nne za maji. Chozi ni jamii nyingine, na mara nyingi hupenda kutua ndipo afyonze. Halafu kwenye joto letu la tropiki maji yale huchacha upesi, na asiyeosha chupa ananywesha ndege ukungu. Panda maua yenye umbo la mrija na shina la kutulia: mshubiri, au mwamba-ngoma kama una nafasi, na popote ulipo tafuta kwanza miti iliyokuwapo hapo kabla ya bustani kuwapo. Sishauri lantana hata kidogo, ingawa ndege huipenda. Kwao ni Amerika ya kitropiki, na shore wakishakula tunda lake huzipeleka mbegu mpaka porini, huko inakosonga mimea mingine.

Kibakuli cha mbegu nilikijaribu. Walikuja shomoro, na nilipochanganya na mabaki ya mkate, wakaja kunguru. Kunguru wa Uhindi ameenea sehemu nyingi za tropiki kwa meli, Zanzibar alifika miaka ya 1890, na popote anapozidi hula mayai na vifaranga vya wenyeji. Ukimwekea meza uani, umemwonyesha na viota viliko.

Maji, hayo ndiyo ya kuweka. Sahani pana, kina kisichozidi vidole viwili, chini kuwe na mikwaruzo au changarawe ili miguu isiteleze. Watu wanaogopa mbu, nami naelewa. Kiluwiluwi huhitaji kama wiki nzima kuwa mbu, kwa hiyo ukimwaga na kusugua kila baada ya siku mbili hakuna atakayefika. Sahani isikae kando ya kichaka kizito, paka hujificha humo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa Marekani peke yake paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Paka wa jirani yangu sasa amefungwa kengele, baada ya mazungumzo marefu ambayo sitayarudia hapa.

Na ule mti uliokauka pembeni, ambao kila mgeni ananiuliza nitaukata lini, haukatwi kama hauelekei kuangukia mtu. Kigong'ota ametoboa humo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Toleo lijalo chapisheni masahihisho ya aya ya tatu kabla wasomaji hawajanunua dawa, maana hapa ndege wameshaanza kujenga. Neno "safisha" mliache kwa ajili ya sahani ya maji tu. Mwandishi wa safu akitaka, aje akae dirishani kwangu asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Kiti kipo. Asiguse mkasi wangu, na pembe ya juu ya dirisha, upande wa kushoto, asiitie ufagio.

Fundi cherehani, msomaji wenu wa kila Jumapili