Barua kwa Manka, kabla hujaandaa chumba cha kuzalia

Moshi

Mwanangu Manka,

Juzi uliponiambia umempata mkunga wa kukuzalisha hapo hapo nyumbani kwako Njiro, Arusha, nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Hapana, mwanangu. Nilikuwa naikumbuka siku uliyozaliwa wewe, ambayo sijawahi kukusimulia yote.

Ulizaliwa Uru kwa bibi yako, masika ya 1995. Mkunga wetu alikuwa mama wa pale pale kijijini. Aliniacha nitembee uani nilivyotaka. Uchungu ukija ananiegemeza kifuani pake, ananikanda kiuno kwa kiganja alichokipasha moto jikoni. Hakuniambia sukuma mpaka mwili wenyewe ulipotaka. Ukatoka, ukalia, akakulaza juu yangu. Mpaka hapo, sijaona uzazi mzuri kama ule.

Kisha kondo la nyuma likakawia, na lilipotoka damu haikukata. Ilikuwa inateremka tu, kimya kimya, hadi gunia nililolalia likawa zito. Bibi yako akalikunja upande ili nisione, nami nilikuwa nimeshaona. Mkunga alinisugua tumbo, akakupa titi unyonye, akafanya yote aliyoyajua. Sindano hakuwa nayo. Baba yako alishuka na tope lile hadi barabarani kutafuta gari, wanaume wakanibeba kwa machela ya miti na shuka. Nimepona kwa damu ya kuongezewa, chupa moja ikiwa ya mjomba wako.

Na mimba yako haikuwa na tatizo lolote, kliniki hawakuona kitu. Damu ya baada ya kuzaa haibishi hodi.

Mdogo wako nilimzaa hospitalini. Nilikuwa salama, ila usiku kucha nilikuwa peke yangu kitandani, na nilipoita nilifokewa. Kwa hiyo ninajua unachokikimbia, wala sikuiti mjinga.

Ulinipa mfano wa Uingereza. Ni kweli, kule wapo wanaozalia nyumbani na mkunga wa serikali. Lakini utafiti wao uliotoka 2011 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, kama 45 walihamishiwa hospitali, wengine kabla ya kujifungua na wengine baada. Na hao wana gari la wagonjwa la kupigiwa simu. Wewe mimba hii ni ya kwanza. Saa nane usiku gari lako litatoka wapi?

Huyo mkunga usimwache. Mwombe akuonyeshe leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Muulize kama anayo oksitosini, ile sindano ya kuzuia damu anayochomwa mama pajani mara tu mtoto akishatoka, na anaitunza wapi, maana inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Muulize pia: mtoto akichelewa kulia na wewe damu inakutoka, ana mikono miwili tu, ataanza na nani? Mkunga mzuri hatakasirika kuulizwa hilo.

Ninachokuomba ni hiki. Uchungu ukianza, akae nawe nyumbani. Tembea, oga maji ya moto, kunywa uji, akusikilizie mapigo ya mtoto. Uchungu ukija mara tatu ndani ya dakika kumi, ingieni garini pamoja mwende hospitalini, naye asikuache hadi mtoto anyonye. Chupa ikipasuka na maji yana rangi ya kijani, au ukiona damu, msisubiri chochote. Nenda wiki hii hospitali unayoitaka ukaulize kama watamruhusu akae nawe. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, kwa hiyo huombi upendeleo. Wakikataa, uliza kwingine. Na Arusha yote ikikataa, njoo Moshi ukae kwangu, tutauliza hata hospitali ya KCMC.

Mimi nitakuja wiki mbili kabla ya tarehe yako. Mkungu wa mshare nimeshauwekea alama shambani, mtori wako utapikwa kwa ndizi za nyumbani, na sitaondoka kabla ya arobaini. Mwambie mume wako gari liwe na mafuta kuanzia mwezi wa tisa wa mimba, na namba ya dereva wa pili iwe ukutani.

Ukishamuuliza mkunga hilo la friji, nipigie siku hiyo hiyo.

Mama yako