Vijana wanaomba ufadhili, wahadhiri hawaandiki barua

Mhariri,

Kila zinapotangazwa nafasi za kusomea shahada ya uzamivu katika sayansi na uhandisi kwa gharama za mfadhili, tunalalamika kwamba vijana wetu hawaombi. Wanaomba sana. Nafanya kazi kwenye maabara ya chuo hapa Morogoro, nawaona. Wanakokwama ni kwenye barua ya mhadhiri ya kumpendekeza mwombaji.

Ufadhili wa OWSD, shirika la wanasayansi wanawake lenye makao Trieste, Italia, huwalipia wanawake wa nchi kama Tanzania na Burundi kusoma uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea. Unataka barua za wadhamini wa kitaaluma, yaani wahadhiri wanaomfahamu mwombaji. Ule wa Jumuiya ya Madola wa kusoma Uingereza nao unazitaka, na mwombaji hapewi azipeleke mwenyewe: mfumo humtumia mhadhiri linki kwenye barua pepe. Asipoifungua hadi siku ya mwisho, ombi limekufa, hata mwombaji awe na GPA (wastani wa alama) ya namna gani.

Sasa nenda ofisini kwa huyo mhadhiri. "Njoo Jumatatu." Jumatatu yuko semina Dodoma. Ukimpata: "Andika mwenyewe, nitasaini."

Basi dada aliyehangaika na sampuli za maji ya Mto Ngerengere akipima metali za risasi na kromu anajiandikia kuwa ni mchapakazi, mwadilifu na anawahi kazini. Kamati inasoma barua za aina hiyo kwa mamia. Ambacho ingependa kusikia anakijua msimamizi wake: kwamba mashine ilipotoa namba za ajabu, wenzake walitaka kuziacha zilivyo, yeye akafuatilia hadi akagundua chupa hazikuoshwa kwa asidi, akarudi mtoni kuchota upya.

Wahadhiri wana madarasa makubwa na tasnifu za kusahihisha, hilo nalielewa. Lakini barua ya kweli ni nusu saa ya kazi kwa mtu anayemfahamu mwanafunzi wake.

Hasara ni kubwa kuliko tunavyodhani. Nafasi za uzamivu za Marie Skłodowska-Curie, zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya, ni ajira yenye mkataba na mshahara, wala hazibagui uraia. Sharti moja ni kutoishi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kijana wa Kihonda, hapa hapa Morogoro, ambaye hajawahi kupanda ndege anafuzu bila jasho. Huko nako wanauliza wadhamini.

Naziomba kurugenzi za shahada za juu zidai kila msimamizi aandike nusu ukurasa kuhusu mwanafunzi wake wiki anayotetea tasnifu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, na nakala ibaki idarani. Linki ikija miaka miwili baadaye, mhadhiri atakuwa na pa kuanzia. Hata akiwa amestaafu, mkuu wa idara ataandika.

Mtumishi wa maabara,
Morogoro