Kasi ya mwanga angani imepimwa, tuwaambie wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Mtwara huniuliza kila mwaka: ikiwa kipande cha kioo hutenganisha rangi za mwanga kwa sababu urujuani huenda polepole kuliko nyekundu ndani yake, kwa nini tunadai kwamba katika anga tupu rangi zote zina kasi moja?

Wengi wetu hujibu kwamba ndivyo Einstein alivyosema mwaka 1905, kisha tunafuta ubao. Jibu hilo ni sahihi lakini halimtoshi mtoto aliyefikiri. Ndani ya kioo, mwanga hutikisa elektroni za atomi, na kila rangi huzitikisa kwa namna yake. Katika ombwe, yaani anga tupu, hakuna cha kutikiswa. Hata hivyo, mwaka 1998 wapo wanafizikia waliopendekeza kwamba huenda nafasi yenyewe, ikitazamwa kwa udogo wa kupindukia, si laini, na kwamba miale yenye nishati kubwa, kama urujuani ikilinganishwa na nyekundu, ingeweza kuchelewa kidogo mno. Ucheleweshaji wa namna hiyo hauwezi kupimwa baina ya Mtwara na Lindi, wala baina ya dunia na jua. Unahitaji safari ndefu sana ili ulimbikizane hadi uonekane.

Tarehe 10 Mei 2009, darubini ya Fermi inayozunguka dunia ilinasa mlipuko wa miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kabisa, ambao mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga huo, ilikuwa na nishati ya elektronivolti bilioni 31, yaani takriban mara bilioni 10 ya nishati ya fotoni ya urujuani, nayo ilifika chini ya sekunde moja baada ya mlipuko kuanza kuonekana. Na hata sehemu hiyo ya sekunde si lazima iwe imepotea njiani, kwa kuwa fotoni hiyo ingeweza kutoka kwenye chanzo ikiwa imechelewa kuliko fotoni nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, tofauti ya dakika 4 iliyoonekana mwaka 2005 kati ya kufika kwa miale yenye nishati ndogo na ile yenye nishati kubwa kutoka galaksi ya Markarian 501 haithibitishi kwamba kasi hutofautiana.

Nawaomba walimu wenzangu wa Lindi na Mtwara, tufikapo kwenye somo la mwanga, tuandike ubaoni miaka bilioni 7 na sekunde 1, kisha tumwachie mwanafunzi agawanye mwenyewe.

Mwalimu wa Fizikia,
Mtwara