Kiti cha Bodi ya Elimu Kansas huamuliwa Agosti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wanaopiga kura katika jimbo la Kansas, Marekani, kuhusu kiti ambacho wengi hukiruka kwenye karatasi: cha Bodi ya Elimu ya Jimbo. Bodi ina wajumbe 10 wa muhula wa miaka 4, na nusu ya viti hugombewa kila baada ya miaka 2. Ndiyo inayoweka viwango vya masomo, inayotoa leseni za walimu na inayomteua kamishna wa elimu.

Mimi namuunga mkono mpinzani anayeahidi hadharani kuheshimu rasimu za kamati za walimu na wataalamu, dhidi ya mjumbe aliyezoea kuzitupa. Kansas imekwisha kuonja matokeo ya kuzitupa. Agosti 1999, kwa kura 6 dhidi ya 4, bodi iliondoa sehemu kubwa ya nadharia ya mageuko ya viumbe kwenye viwango vya sayansi, kinyume na rasimu ya kamati yake yenyewe. Walimu hawakukatazwa kuifundisha. Lakini mtihani wa jimbo hufuata viwango, na mada isiyotahiniwa husogezwa mwisho wa mwaka, muda ukiisha inaachwa. Anayeumia ni mtoto atakayefika chuo kikuu akakuta baiolojia yote imejengwa juu ya mada hiyohiyo.

Wapiga kura walijibu kwenye mchujo, yaani kura ya kuteua mgombea, wa chama cha Republican wa Agosti 2000: Sue Gamble alimshinda Linda Holloway, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, na Februari 2001 mageuko yakarudishwa. Kisha watu wakalala. Uchaguzi wa 2002 ulileta sare ya 5 kwa 5 kati ya watetezi na wapinzani wa mageuko, ule wa 2004 ukawapa tena wapinzani wingi wa 6 kwa 4, na mwaka 2005 bodi ikabadilisha hata maana ya sayansi ili isibanwe na maelezo ya kimaumbile pekee, yaani yale yanayotokana na mambo ya asili. Mchujo wa 2006 ukawang'oa wengine, akiwemo Connie Morris aliyeshindwa na Sally Cauble, na Februari 2007 viwango vikarekebishwa. Somo moja, viwango kubadilishwa mara 4 ndani ya miaka 8! Mwalimu atapangaje kazi yake hapo?

Angalieni miezi: Agosti 2000, Agosti 2006. Katika wilaya nyingi mshindi wa mchujo wa Republican ndiye anayechukua kiti, hivyo anayengoja Novemba hukuta mambo yamekwisha. Mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Agosti, na uandikishaji hufungwa siku 21 kabla. Asiye na chama anaweza kujiandikisha Republican papo hapo kituoni. Aliyekwisha kuandikishwa Democratic hawezi, ni lazima ahame mapema, kabla ya tarehe ya mwisho ya Juni. Kosa hili ndilo huwarudisha watu nyumbani bila kura waliyoitaka. Chukueni kitambulisho chenye picha.

Aliyehama nyumba abadilishe anwani sasa. Wilaya moja ya bodi huundwa na wilaya 4 za seneti ya jimbo, na kuvuka barabara moja tu kwaweza kukupa wagombea wengine kabisa.

Mpiga kura,
Wichita, Kansas