Kabla ya kulipia nyumba, tembeeni njia ya mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nami nitoe maoni yangu kuhusu makala yenu ya hivi karibuni iliyowashauri wazazi wanaotaka kuhamia vitongoji vya nje ya jiji waanze kwa kuangalia ukubwa wa nyumba, usalama wa mtaa na matokeo ya mitihani ya shule iliyo karibu. Sina ugomvi na mambo hayo yenyewe. Ninachokipinga ni kuyatanguliza, kwa sababu yote ni mambo ambayo mzazi huyakagua akiwa ndani ya gari, mwishoni mwa wiki, dalali akiwa pembeni yake, ilhali mtoto wa shule ndiye atakayeupita mtaa huo kwa miguu, asubuhi na mapema, siku za kazi, na mara nyingi bila mtu mzima.

Nayasema haya kwa kuwa nilikosea mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulihama na watoto watatu, mkubwa akiwa na umri wa miaka 14, wa kati miaka 9 na mdogo miaka 6. Nyumba tuliiona Jumapili alasiri. Barabara iliyopita mbele ya mtaa ilikuwa kimya kiasi kwamba mbwa alikuwa amejilaza katikati yake, na nilipouliza habari za shule, dalali alinyoosha mkono akasema, "Hapo tu, ng'ambo ya barabara." Hakudanganya. Jambo ambalo hakulisema, nami sikumuuliza, ni kwamba siku za kazi barabara ile ndiyo njia ya mkato ya malori yanayokwepa foleni ya barabara kuu, na kwamba shule ile ilikuwa imejaa isipokuwa darasa la kwanza peke yake. Mkataba tuliutia saini Ijumaa, uhamisho wa watoto tukaenda kuuomba Jumatatu. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, maana tulipaswa kufanya kinyume chake. Matokeo yake yule mdogo akawa anavuka barabara ya malori kila siku, na wakubwa wawili wakabaki katika shule yao ya zamani, upande wa pili wa jiji, wakifuatwa na basi la shule saa 11:15 alfajiri.

Watu wakizungumzia umbali wa shule huzungumzia nauli na mafuta, lakini nyumbani kwetu kilichopungua kwanza kilikuwa usingizi. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2016 na wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani yanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Binti yangu wa miaka tisa alilazimika kuamka saa 10:45 alfajiri. Ili apate hizo saa tisa, ambazo ndizo za chini kabisa, alipaswa awe amekwisha kulala saa 1:45 usiku, na basi lilimshusha saa 11 na robo jioni barabara ikiwa imekubali, au saa 12 na zaidi siku isipokubali. Katika muda uliobaki alitakiwa aoge, ale na amalize kazi za shule; kucheza hakukuwa na nafasi, na kuzungumza na mimi baba yake, niliyerudi saa mbili usiku, kulisubiri Jumamosi. Safari yenyewe ilikuwa dakika 70 kwenda na nyingine 70 kurudi, yaani karibu saa 12 kwa wiki za kukaa kwenye kiti. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kidole kikiwa bado ndani ya kitanzi cha kamba, amelala fofofo. Basi lilikuwa linapiga honi ya pili. Nilimfunga kile kiatu nikampakia, na siku hiyo nzima kazini sikufanya la maana.

Kwa kijana wa miaka 14 hali huwa ngumu kwa namna nyingine, kwa sababu mwili wa kijana aliyekwisha kubalehe huchelewa kupata usingizi usiku kuliko wa mtoto mdogo. Kumwamrisha alale saa mbili ni kumwamrisha akodolee dari macho.

Kuhusu matokeo ya mitihani sitakuwa na mengi. Wastani wa ufaulu wa shule unaeleza kwa sehemu kubwa ni watoto gani walioingia humo, na unaeleza kidogo zaidi shule imewafanyia nini. Tangu ripoti ya mwanasosholojia James Coleman ya mwaka 1966, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya laki tano nchini Marekani, imejulikana kwamba hali ya nyumbani anakotoka mtoto ina uzito mkubwa sana katika alama zake. Mzazi anayelipia kodi ya juu ili awe karibu na shule ya nafasi ya kwanza aulize kwanza swali la kikarani: je, nafasi ipo, katika darasa la mwanangu, muhula huu? Jibu alipate kwa maandishi kutoka ofisi ya shule. Neno la dalali au la jirani halimwandikishi mtoto.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni barabara, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja, na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali linaohitaji kusimama baada ya breki kukanyagwa huongezeka mara nne. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020, lililotolewa katika mkutano wa kimataifa wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Kitongoji chenye nyumba nzuri na barabara pana iliyonyooka, isiyo na matuta, kivuko wala njia ya waenda kwa miguu, kwa macho ya mnunuzi kinapendeza. Kwa mtoto wa miaka sita ambaye kichwa chake hakifiki usawa wa boneti ya lori, ni mahali pa hatari. Mwanangu alibuni kanuni yake mwenyewe, ya kuhesabu malori matano ndipo avuke, kana kwamba la sita lilikuwa limemwahidi kitu.

Tena barabara haiumizi kwa ajali peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, aliilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Katika mtaa uliopitiwa na magari yapata 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa kwa wastani na marafiki watatu mtaani hapo. Katika mtaa wa magari yapata 16,000, hakufikisha hata rafiki mmoja. Mzazi anayetamani watoto wake wapate wenzao wa kucheza nao ayatie hayo katika hesabu, kwa sababu ukuta mrefu na mlinzi getini, ambavyo madalali huviita usalama, haviwezi kumpatia mtoto rafiki. Huko nyuma, mwaka 1929, Clarence Perry wa New York alipendekeza kitongoji kipangwe kikiwa na shule ya msingi katikati, ukubwa wake utoshe tu kuijaza shule hiyo, na barabara kubwa zipite pembeni ili mtoto asilazimike kuzivuka. Vitongoji vingi vinavyouzwa leo vimepangwa kinyume kabisa, yaani barabara kubwa inapita katikati, na shule inatafutiwa pa kuwekwa baada ya nyumba kujaa.

Basi tulipoamua kuhama tena, baada ya miezi 14, nyumba niliiacha mpaka mwisho. Nilikwenda kwenye kila mtaa siku ya kazi, saa 12 na nusu asubuhi, nikasimama karibu na lango la shule nikitazama watoto wanatokea wapi. Ukifanya hivyo utajifunza zaidi ya unachoweza kujifunza kwa kupiga simu kumi. Utaona kama wanakuja kwa makundi, wakicheka, au kila mmoja anashushwa garini na mlango kufungwa haraka. Utaiona njia iliyokwanguka nyasi kandokando ya mtaro, ambayo haimo katika ramani yoyote, lakini ndiyo wanayoitumia. Utawaona wakipunguza mwendo au wakikimbia mahali fulani, nawe utajiuliza kuna nini pale. Katika mtaa mmoja niliikuta baiskeli ya mtoto imelazwa nje ya geti, bila kufuli, saa 12 jioni. Nilirudi kesho yake nikaikuta palepale, nami nikamwambia mke wangu kwamba hapo nimepapenda hata kabla sijaiona nyumba. Baadaye nilimchukua yule mdogo tukaitembea njia nzima kwa mwendo wake yeye, begi lenye madaftari likiwa mgongoni mwake, nikasoma saa. Dakika 12 zangu zilikuwa 21 zake.

Najua watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua, na kwamba wengi huhamia wanakopata nyumba wanayoweza kuilipia. Ni kweli, na hata sisi tulichokimudu katika mtaa ule wa baiskeli kilikuwa kidogo: vyumba viwili badala ya vinne, bila bustani, bila mahali pa kuegesha gari. Lakini kwa fedha zilezile mzazi bado ana uchaguzi kati ya chumba cha ziada na nusu saa ya usingizi, na ni haki yake aambiwe kwamba huo ndio uchaguzi alionao.

Liko jambo moja ambalo uhamisho wa pili haukuweza kulirekebisha. Kuanzia mwaka 1994, familia zilizoishi katika mitaa ya umaskini mkubwa huko Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilipigiwa kura ya bahati nasibu, na baadhi zikasaidiwa kuhamia mitaa yenye unafuu. Mwaka 2016 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walionyesha kwamba watoto waliohama kwa njia hiyo kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kuwa na kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao walipofikia umri wa miaka ishirini na kitu, huku waliohama wakiwa wakubwa zaidi ya hapo wakikosa faida hiyo. Familia yetu haikuwa katika hali ya familia hizo, lakini nilipoyasoma nilimkumbuka mkubwa wangu. Wadogo zake walipata marafiki wapya katika mwezi wa kwanza. Yeye alikuwa na marafiki upande wa pili wa jiji na kitanda upande huu, na siku za Jumamosi alikuwa akikaa dirishani na simu yake. Mwenye mtoto wa umri huo na amuulize kabla ya kuamua, na ikiwezekana angoje amalize shule aliyopo.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu kurasa zenu za matangazo ya nyumba. Kila tangazo hutaja idadi ya vyumba, na mengi huandika kwamba nyumba iko "dakika kumi kutoka mjini", bila kusema ni dakika za saa ngapi wala za gari la nani. Watakeni wanaotangaza waongeze mstari mmoja wenye jina la shule ya msingi iliyo karibu zaidi, dakika za kwenda huko kwa miguu, na iwapo kuna barabara kubwa ya kuvuka. Mstari huo hautachukua nafasi kubwa kuliko ile inayotumika sasa kusifia vigae vya bafuni.

Wako,
Mzazi wa watoto watatu