Mkiokota jiwe shambani msikimbilie dalali

Mhariri, salamu toka Misungwi. Juzi mjomba alikuwa anachimba shimo la choo akakutana na kajiwe kadogo kama punje ya mahindi, kanang'aa kama kipande cha chupa, basi kijiji kizima kikahamia pale, eti almasi! Akaja dalali mmoja na pikipiki, akakalamba (jamani), akakakwaruzia kwenye kioo cha saiti mira, akasema "hii takataka mzee, shika elfu ishirini" akasepa nako. Sasa kama ni takataka ulinunua ya nini?

Kwetu hapa si ajabu kuokota almasi, machimbo ya almasi ya Mabuki yapo hapo tu na mgodi wa Mwadui uko jirani Shinyanga, mjiolojia wa Kanada John Williamson alikuta mwamba wa almasi wa Mwadui 1940 na mwaka 1947 ikatoka hapo almasi ya pinki ya karati (kipimo cha uzito wa vito) 54.5. Ila kukwaruza kioo si kipimo, mawe kibao ya kawaida yanakwaruza.

Masoko ya madini yapo tangu 2019, wathamini wa serikali wapo. Ombi langu maafisa madini waje vijijini hata siku ya gulio, maana mjomba hajui hata soko lenyewe liko wapi.

Msomaji wako, Misungwi